Kwa nini vimelea vya malaria hunasa kwenye ubongo na kondo la nyuma

Mgonjwa akiletwa hajitambui, ndugu husema malaria imempanda kichwani. Mimi huchunguza vipokezi vya kunata, protini zinazochomoza juu ya seli ili ishikane na jirani yake, na naona usemi huo uko karibu na ukweli kuliko wengi wanavyodhani.

Vipokezi hivi havikutawanywa ovyo mwilini. Kadherini E hukaa ubavuni mwa seli za utumbo, pale zinapogusana. Selektini P hufichwa ndani ya vifuko vya chembe sahani za damu na vya seli za ukuta wa mishipa, ikatokezwa nje dakika chache tu baada ya jeraha. Kwa hiyo nikiambiwa kipokezi fulani "kipo mwilini", bado sijaambiwa kitu. Kipo kwenye tishu ipi, na wakati gani?

Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria kali, hukaa takriban saa 48 ndani ya chembe nyekundu ya damu. Karibu na nusu ya muda huo, hutokeza juu ya chembe hiyo protini iitwayo PfEMP1, ambayo hunasa kwenye vipokezi vya mishipa midogo. Chembe iliyonasa hukwepa wengu, ambako ingeharibiwa. Ndiyo maana damu ya kidoleni hutuonyesha zaidi vimelea vichanga vyenye umbo la pete. Vilivyokomaa vimebaki viungoni. Slaidi yenye vimelea vichache ya mtoto aliyezidiwa hainipi faraja hata kidogo.

Hunasa wapi? Kipokezi CD36 ni kingi kwenye mishipa midogo ya mafuta na misuli, lakini kwenye ubongo ni haba. Kipokezi kingine, ICAM-1, huongezeka kwenye mishipa ya ubongo mwili unapotoa kwa wingi TNF, protini inayochochea uvimbe. Mwaka 2013 ikabainika kwamba vimelea vya malaria kali hunasa pia kwenye EPCR, kipokezi cha ukuta wa mishipa ambacho kazi yake ni kusaidia protini C kuzuia damu isigande. Ubongo una EPCR kidogo tangu awali. Ikizibwa, kinga hiyo hudhoofu upesi.

Kondo la nyuma lina habari yake. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, kwa sampuli za magharibi mwa Kenya, walionyesha kwamba vimelea vya humo hunasa kwenye kondroitini salfeti A, mnyororo wa sukari ulio juu ya seli za kondo. Mwanamke aliyekulia kwenye malaria ana kinga dhidi ya aina nyingi za PfEMP1, ila ile ya kondo, VAR2CSA, hajawahi kukutana nayo mpaka abebe mimba. Hivyo mimba ya kwanza ndiyo huwa hatarini zaidi, na slaidi ya mama inaweza kuwa safi huku kondo limejaa. Chanjo mbili za majaribio, PAMVAC na PRIMVAC, zinailenga VAR2CSA hiyo hiyo. Zote zimeshajaribiwa kwa binadamu, Ulaya na Afrika Magharibi, nami nazifuatilia kwa hamu kubwa.