Upasuaji wa matundu madogo huondoa tezi nzima ya adrenali

Kwa muda mrefu watu wengi wameamini kwamba uvimbe wa tezi ya adrenali, ile iliyokaa juu ya figo, hauwezi kutolewa wote bila mkato mrefu, eti kwa sababu kupitia tundu dogo daktari hubahatisha. Imani hiyo si sahihi, na inasikitisha mgonjwa anapoahirisha matibabu kwa ajili yake.

Tezi yenyewe ina uzito wa gramu 4 hadi 5 hivi, lakini imejificha ndani sana; mkato mrefu ulihitajika ili kuifikia tu. Tangu Michel Gagner na wenzake wa Montreal, Kanada, walipochapisha taarifa yao mwaka 1992, tezi hii hutolewa kwa kamera na vifaa vyembamba, huku gesi ya kaboni dioksidi ikipanua nafasi ya kufanyia kazi. Picha hukuzwa kwenye skrini, hata ule mshipa mfupi wa tezi ya kulia, unaomwaga damu moja kwa moja katika vena kava, mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, huonekana vizuri kabla ya kubanwa na kukatwa. Kisha tezi nzima, pamoja na uvimbe wake, hutiwa katika kifuko na kuvutwa nje.

Linalostahili kuhofiwa zaidi ni maandalizi hafifu: mwenye feokromositoma, uvimbe unaomwaga homoni za kupandisha shinikizo la damu, hupewa kwanza dawa za kulidhibiti. Mkato mkubwa bado una nafasi yake, hasa inaposhukiwa saratani ya tezi hiyo, kwa kuwa uvimbe ukipasuka wakati wa kutolewa, chembe zake huweza kusambaa tumboni.