Sikio la juu likivimba baada ya kutogwa: maswali na majibu

Kutoga masikio na pua si jambo geni kwetu. Bibi zetu walivaa hereni na vipini, na Wamaasai wametanua ndewe zao vizazi na vizazi. Kilichobadilika ni mahali panapotobolewa na anayetoboa. Siku hizi vijana wanatoga sehemu ngumu ya juu ya sikio, kitovu, ulimi na nyusi, na wanafanyiwa saluni, kwenye maduka ya vipodozi, hata kando ya barabara. Mimi ni tabibu, nahudumia wagonjwa wa nje, na wanaonifikia si waliotogwa jana. Ni wale ambao sikio limevimba wiki nzima, wamekwisha kumaliza amoksilini ya dukani, na kidonda kimejaa unga wa vidonge vya rangi mbili. Ndiyo maana majibu yangu mengi hapa yatarudi palepale: wahi hospitali.

Sikio la juu lina tofauti gani na ndewe?

Ndewe, ile nyama laini ya chini, ina mafuta na damu nyingi. Ukiitoboa vizuri hupona upesi, na hata ikipata wadudu, damu huleta kinga na dawa mpaka kwenye kidonda. Juu ya hapo sikio limeundwa kwa gegedu, ile sehemu ngumu inayopindika. Gegedu halina mishipa yake ya damu. Linalishwa na utando mwembamba uliolifunika pande zote. Usaha ukijikusanya kati ya utando na gegedu, chakula kinakatika, gegedu linakufa, na sikio linapoteza umbo. Hilo halichukui miezi. Ni suala la siku.

Nitajuaje kwamba uvimbe wangu ni wa kawaida?

Siku za mwanzo, wekundu kidogo kuzunguka tundu, maumivu ukiligusa, na majimaji meupe au ya manjano hafifu yanayokauka na kuganda kwenye hereni ni mambo ya kawaida. Yanapungua kila siku. Hilo ndilo la kuangalia: leo pawe afadhali kuliko jana.

Kisicho cha kawaida ni sikio la juu kuwa jekundu (kwa ngozi nyeusi sana litaonekana limeiva na kung'aa), kuwa la moto, kuvimba mpaka mikunjo yake ipotee, na kuuma sana ukilisogeza au ukililalia. Mara nyingi ndewe hapo chini huwa salama kabisa, kwa sababu ugonjwa unafuata gegedu na ndewe haina gegedu. Ukiona sura hiyo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri homa, kwa maana wengi huharibikiwa sikio bila kupata homa, na usisubiri usaha utoke nje, kwa sababu unaoharibu gegedu ni ule uliojificha ndani.

Nimeshanunua amoksilini. Nimalize dozi kwanza ndipo nije?

Hapana. Njoo leo.

Nieleze sababu, maana hapa ndipo masikio mengi yanapopotea. Bakteria anayeshambulia gegedu lililotogwa mara nyingi anaitwa sudomonasi. Anapenda maji na unyevunyevu: sinki, ndoo, sponji, chupa ya dawa iliyozimuliwa na kuachwa siku nyingi. Amoksilini haimuui. Unaweza kuimeza kwa uaminifu, asubuhi, mchana na jioni, na yeye akaendelea na kazi yake. Mgonjwa anahesabu siku za dozi akidhani anatibiwa, kumbe hizo ndizo siku ambazo gegedu lilikuwa linakufa.

Dawa zinazomuweza zipo. Sizitaji hapa kwa makusudi, kwa sababu najua kuna watakaokimbilia dukani na jina mkononi. Baadhi hazifai kwa mjamzito au mtoto, na kama usaha umeshajikusanya, hakuna kidonge kitakachoutoa. Lazima mhudumu apasue, asafishe, pengine akulaze upate dawa za mshipa. Anayeamua hayo ni aliyeliona sikio lako. Muuza duka hawezi kuamua kwa kusimuliwa.

Lakini rafiki yangu alivimba hivyo hivyo na akapona mwenyewe.

Inawezekana alitoga ndewe, au alikuwa na mchubuko wa kawaida wa siku mbili za kwanza. Nasikia jibu hili karibu kila mara kutoka kwa mgonjwa aliyechelewa. Sikio la rafiki yako si kipimo cha sikio lako. Gegedu lililovimba, lenye moto na linalozidi kuuma, haliachwi kupona lenyewe.

Nitie nini kwenye kidonda?

Maji ya chumvi, basi. Pima robo kijiko cha chai cha chumvi isiyo na viungo, weka kwenye maji yaliyochemshwa ya ujazo wa robo lita, acha yapoe. Ukipata dripu ya chumvi ya hospitali ni nzuri pia. Nawa mikono kwa sabuni, lowesha kitambaa safi cha gozi, bandika kwenye tundu mbele na nyuma dakika chache mpaka magamba yalainike, kisha yafute taratibu na ukaushe. Mara mbili kwa siku. Tengeneza mapya kila siku, usiyaweke kwenye chupa wiki nzima. Chumvi ikizidi haiongezi tiba, inaunguza.

Usitie spiriti, usitie dawa ya meno, majivu, mafuta ya taa, kitunguu saumu wala dawa kali ya kusafishia vidonda. Vinaunguza ngozi changa inayojaribu kuziba, na kila siku kidonda kinaanza upya. Na tafadhali sana, acheni kufungua vidonge vya rangi mbili na kumwaga unga. Vidonge vile ni vya kumeza. Unga wake unafanya tope linaloziba tundu, usaha unabaki ndani, nami nikifungua nakuta hali mbaya kuliko ilivyokuwa bila kitu.

Tena, usizungushe hereni. Najua mliambiwa muizungushe isishike. Kila unapoizungusha unachana kilichoanza kupona na kuingiza uchafu ulioganda kwenye chuma. Iache.

Nikiona usaha, niitoe hereni?

Usiitoe kwa haraka ukiwa nyumbani. Tundu changa linaziba juu kwa saa chache na kufungia usaha ndani. Njoo nayo, mhudumu ataamua kama itoke. Ikiwa uvimbe umeanza kuimeza hereni, yaani kile kizibo cha nyuma kinazama ndani ya ngozi, usivute. Ni sababu nyingine ya kuja siku hiyohiyo.

Tundu linapona baada ya muda gani?

Ndewe wiki 6 hadi 8. Pua miezi 2 hadi 4, wakati mwingine zaidi. Gegedu la sikio na kitovu vinaweza kuchukua miezi 6 hadi mwaka mzima. Ulimi unapona haraka kuliko vyote, wiki 4 hadi 6, ingawa ndio wenye hatari kubwa mwanzoni. Ngozi ya nje hutangulia kupona kabla ya ndani, kwa hiyo usidanganyike na mwonekano ukabadilisha hereni mapema. Mpaka lipone, usiogelee baharini, mtoni wala kwenye bwawa, na usililalie. Ukisuka nywele, mwambie msusi aliepuke tundu na mafuta ya nywele yasifike.

Bunduki au sindano?

Sindano ya kutupwa, kwa kila mtu yake, iliyofunguliwa mbele ya macho yako. Bunduki ya plastiki inayotumika madukani haiwezi kuingia kwenye mashine ya mvuke ya kutakasia vifaa kwa sababu itayeyuka. Kuifuta kwa pamba yenye spiriti hakuitakasi. Pia haitoboi kwa makali, inalazimisha hereni butu ipite kwa kishindo. Ndewe huvumilia. Gegedu linapondeka, na gegedu lililopondeka ni makao mazuri ya wadudu. Kwa sikio la juu, bunduki usikubali hata kama ni bure.

Usidhani pia kwamba kupuliziwa dawa kunatosha. Mwaka 2000 katika jimbo la Oregon, Marekani, kulitokea mlipuko wa maambukizi kwa watu waliotogwa gegedu kwenye kibanda kimoja. Watu 7 walithibitishwa kuambukizwa sudomonasi, na baadhi yao walibaki na masikio yaliyoharibika. Wachunguzi walimkuta bakteria huyo ndani ya chupa ya dawa ya kupulizia iliyodhaniwa inaua vijidudu vya ugonjwa.

Mtogaji asiyenawa mikono na kuvaa glovu mpya, muage uende zako. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata penye tone la damu usiloliona. Hili ni hivyo hivyo kwa wembe wa chale unaopitishwa kwa familia nzima. Kama hujawahi kuchanjwa homa ya ini B wala pepopunda, uliza kituoni kabla hujaenda kutogwa, si baada ya kutogwa.

Mwanangu atatimiza arobaini wiki ijayo. Naweza kumtoga?

Mama, subiri kidogo. Chanjo zake zenye kinga ya pepopunda zinatolewa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ngoja amalize zote tatu, kisha umtoge ndewe kwa mhudumu mwenye vifaa safi. Sindano ya kushonea iliyopitishwa kwenye moto na uzi uliopakwa mafuta si vifaa safi, hata kama mama yako alikutoga hivyo ukapona.

Kama ameshatogwa na ghafla akashindwa kunyonya, taya zikakaza au mwili ukakakamaa anaposhikwa, hiyo inaweza kuwa pepopunda. Beba mtoto ukimbie hospitali. Si degedege la kufukizwa wala si jicho la mtu. Wanaopelekwa kwa mganga kwanza wanatufikia tukiwa na nafasi ndogo sana ya kuwasaidia.

Kuna kinundu kimeota kwenye tundu. Ni keloidi?

Si kila kinundu. Kile kidogo, chekundu, chenye unyevu, kinachotokea wiki za kwanza pembeni kabisa ya tundu, mara nyingi kinatokana na msuguano. Ukiacha kukichokoa na ukaendelea na maji ya chumvi, hupungua. Keloidi huja miezi baadaye, ni ngumu, inang'aa, inawasha, nayo inavuka mipaka ya kidonda na kuendelea kukua. Sisi wenye ngozi nyeusi tunaipata zaidi. Kama unayo tayari kifuani au begani, au mama na ndugu zako wanazo, ushauri wangu ni usitoge.

Usiifunge kwa uzi ili ikatike. Hata hospitali, kuikata bila matibabu mengine mara nyingi huifanya irudi, wakati mwingine kubwa zaidi. Hutibiwa kwa sindano za dawa ndani ya kovu kwa awamu kadhaa, na ikibidi upasuaji unaofuatiwa na sindano hizo. Wahi ikiwa ndogo.

Sikio linawasha tu, haliumi.

Huenda ni mzio wa nikeli, madini yaliyomo kwenye hereni nyingi za bei rahisi. Vaa titaniamu au dhahabu halisi, na muwasho utakwisha. Si ugonjwa wa kumezea antibayotiki.

Na ulimi? Na kitovu kwa mjamzito?

Ulimi huvimba siku 3 hadi 5 za mwanzo, ndiyo maana huanza na chuma kirefu, kisha hubadilishwa kifupi. Ukishindwa kumeza mate au kupumua kukawa kugumu, ni dharura, hata kama ni saa nane za usiku. Baadaye chuma hicho huvunja meno na kurudisha ufizi nyuma. Kitovuni, tumbo likianza kukua na ngozi kuvutika, toa hereni. Hiyo tu.

Sikio langu lilishakunjamana. Linarekebishika?

Baadhi yanarekebishika. Daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile huchukua gegedu la ubavuni, akalichonga na kulipandikiza, mara nyingi kwa operesheni zaidi ya moja. Ni hospitali chache zinazofanya kazi hiyo, na gharama yake haina ulinganisho na nauli ya kuja kituoni siku ya kwanza. Anza kwa kuomba rufaa kwenda kliniki ya masikio, pua na koo. Hakikisha kwanza kidonda kimepona kabisa, na kama bado kuna sehemu inayouma au kutoa majimaji, sema siku hiyo ya kwanza, kwa sababu ugonjwa unaweza kuwa bado unaendelea chini ya kovu.