Mpaka wa mzaha: maana yake, na kwa nini hausimami mahali pamoja

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi watu wengine wakakaa kwenye ngazi. Mchekeshaji, kijana ambaye hata miaka thelathini hajafika, aliingia jukwaani kwa hatua nzito, kofia ya kijeshi imemfunika nyusi. "Wewe! Kuja hapa! Kitambulisho iko wapi? Panda gari!" Vijana wakaangua kicheko. Mzee aliyekaa kando yangu hakucheka. Aliweka chupa yake ya soda chini, taratibu, katikati ya viatu vyake, akabaki anaitazama hiyo chupa mpaka kipande kile kikaisha. Wakati wa mapumziko nikamwuliza, "Mzee, hukukipenda?" Akanijibu kwa Kiswahili chake cha Bombo, mji wa kambi ya jeshi kaskazini mwa Kampala: "Mwanangu, mimi nilipanda hiyo gari."

"Panda gari" lilikuwa jina la misako ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa serikali ya pili ya Rais Milton Obote wa Uganda. Wanajeshi walizingira mtaa wa Kampala, wakawatoa watu majumbani, wakawapakia kwenye malori kwenda kuchujwa. Wapo ambao hawakurudi. Kwa kijana wa leo maneno hayo ni sauti tu ya kuchekesha. Kwa yule mzee ni ubao wa lori na mgongo wa mtu aliyekaa mbele yake.

Kati ya kiti changu na chake palipita mstari, na huo ndio ninaotaka kuueleza. Mpaka wa mzaha ni makubaliano ya jamii, yasiyoandikwa popote, kuhusu jambo gani linaweza kuchekewa hadharani, nani ana ruhusa ya kulichekea, na mbele ya nani. Watu wengi hugombania sehemu ya kwanza tu. Husema, "Siku hizi hakuna tena cha kutania, kila kitu kinaudhi." Lakini mara nyingi jambo lenyewe halijakatazwa. Kilichobadilika ni nani anayelisema, au nani sasa amekaa ukumbini akisikiliza.

Kiswahili kililifikiria jambo hili zamani, na maneno yake yanatusaidia. Mzaha ni neno la jumla. Kejeli na dhihaka zina ncha, humchoma mtu na kumwacha na jeraha. Utani ni kitu kingine kabisa: ni mzaha wenye kibali. Babu ana utani na mjukuu wake, shemeji na shemeji, na kule Tanzania Mnyamwezi na Mzaramo. Mtani anaweza kuja mpaka msibani, akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, akawachekesha wafiwa machozi yakiwa bado mashavuni, na hakuna anayemfukuza. Kwa nini? Kwa sababu kesho zamu itageuka, na yeye atachekwa vilevile. Utani huenda na kurudi. Dhihaka huenda tu.

Jukwaa limevunja utaratibu huo. Anayesimama na maikrofoni mbele ya watu mia tano si mjukuu wa mtu yeyote pale. Kibali hakurithi, lazima akitafute papo hapo, kwa kila sentensi. Na wanaochekwa, mara nyingi hawapo ukumbini, au wapo lakini hawana maikrofoni. Basi mimi naamini hivi: mpaka wa mzaha husogea hasa pale mtu aliyekuwa akichekwa anapopata sauti ya kujibu. Sheria na semina hufuata nyuma.

Chukua Kiswahili chenyewe hapa Uganda. Katika maigizo niliyokua nikiyatazama Kampala, mtu akifungua kinywa kwa Kiswahili ulijua mara moja yeye ni nani: askari, mwizi, au mlinzi wa geti. Hakuhitaji sare. Lugha ilikuwa sare yake. Na hili lina historia ndefu. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, alipinga kwa maandishi mpango wa kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya wenyeji Buganda. Jeshi la kikoloni la Waingereza, KAR (King's African Rifles), lilikitumia kambini. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na tangazo hilo likakifunga kwa kamba moja na hofu ya utawala wake. Kisha yakaja malori ya miaka ya 1980. Mtu aliyepigwa kwa lugha fulani, ukimwambia ni lugha ya mashairi atakutazama tu.

Sisi tuliokizungumza nyumbani tulijifunza kushusha sauti kwenye taksi. Mama yangu alikuwa akibadilisha lugha tukifika kituo cha Wandegeya, katikati ya sentensi, bila hata kututazama. Tulicheka kwenye maonyesho pamoja na wengine wote, kwa sababu kutocheka kungetutambulisha.

Kilichobadilika kilianzia sokoni. Wafanyabiashara wetu wakaenda Mombasa, Goma na Juba, na bila Kiswahili mzigo haukutoka. Mpakani mwa Kenya, Busia na Malaba, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuionea lugha aibu. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Katika ukumbi wa leo yumo mwanafunzi kutoka Kenya, yumo Mkongo anayeuza vitenge, yumo Mganda aliyeoa Tanga. Mchekeshaji akisema "Kuja hapa!" wako watu wa kumsahihisha sarufi kutoka viti vya nyuma.

Na angalia uzuri uliotokea. Mzaha wa Kiswahili haukufa, uligeuka. Siku hizi kichekesho kinachonivunja mbavu ni cha Mganda aliyefika Mombasa na Kiswahili alichojifunza kwa wanajeshi. Anajua amri peke yake. Anaingia hotelini na kusema, "Leta chai! Haraka! Kaa chini!" huku mwenye hoteli, kwa upole wa Pwani, akimwuliza, "Umeamkaje, ndugu yangu?" Pale ndipo unaposikia kicheko cha watu wanaojitambua. Tunacheka kwamba historia ilitufundisha lugha nzima bila neno "tafadhali". Huo ni mzaha mkubwa kuliko ule wa zamani, na haumdhalilishi mtu. Waliouwezesha ni wazungumzaji wenyewe, walipoacha kushusha sauti.

Mpaka unaweza pia kufunguka, likatajika lililokuwa halitajiki. UKIMWI ulipoingia, Waganda waliuita silimu kwa jinsi ulivyowakondesha watu, na kwenye maziko ulitajwa kwa mafumbo: karogwa, kifua, homa ndefu. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden, alijitokeza hadharani na kusema anao. Wapo waliodai amelipwa aseme hivyo. Akazunguka mashuleni na makanisani akiimba na kuongea huku mwili ukiisha mbele ya macho ya watu, akafariki Desemba mwaka huohuo. Kikundi cha maigizo cha TASO, shirika la kuwahudumia wenye UKIMWI lililoanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, kiliwapandisha jukwaani watu wanaoishi na virusi wenyewe. Mtu mwenye ugonjwa akisimama mbele yako anaimba, mkono wa kumnyooshea kidole unaishiwa nguvu. Ukitaka kumchekea mtu hapo, utamchekea mume anayejifanya hajui kondomu ni nini.

Kwa wanawake safari haijaisha, nami sitaki kuipamba. Nilikua nikiona mke akipigwa mwiko jukwaani, na hicho ndicho kilikuwa kilele cha onyesho. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ilipitishwa mwaka 2010, lakini sidhani sheria ndiyo iliyokausha kicheko kile. Namtazama zaidi mtu kama Anne Kansiime, binti wa Kabale, aliyeanza na kundi la Theatre Factory kabla ya video zake kuenea Afrika nzima. Mwanamke anayemwigiza hanyamazi: anamjibu mpenzi, anambishia wa bodaboda, anamweka mahali pake kila anayemzoea vibaya. Hakusimama kuhutubia wanaume waache mizaha yao. Alishika maikrofoni, ikawa zamu imegeuka, na ile ya mwiko ikaanza kuonekana ya kizamani.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili ambayo wakubwa hupenda kuyachanganya. Upo mpaka unaochorwa na watu, na upo mpaka unaochorwa na dola. Wa watu, ukiuvuka, utakutana na ukimya ukumbini, lawama, pengine tiketi zisiuzike. Wa dola una pingu. Byron Kawadwa, mwandishi wa tamthilia aliyeongoza Ukumbi wa Taifa wa Maonyesho, alikamatwa mwaka 1977, baada ya kundi lake kuigiza kwenye FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa watu weusi, mjini Lagos, akauawa. Watazamaji wake hawakuwa wamemkataa. Walikuwa wakimpenda.

Au fikiria ebimeeza. Neno lenyewe limezaliwa na meza: mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu walikusanyika kwenye meza za baa za Kampala, redio ikirusha moja kwa moja, mwananchi yeyote akaomba zamu na kuwachambua mawaziri. Palikuwa na hoja, palikuwa na matani makali, na kilichopendeza ni kwamba mbunge alikaa palepale na kujibu. Ulikuwa utani wa kweli, wa kwenda na kurudi. Septemba 2009, baada ya machafuko yaliyoanzia kwenye mvutano wa serikali na Buganda, ebimeeza vikapigwa marufuku. Julai 2020 wachekeshaji wa kundi la Bizonto walikamatwa kwa video iliyowaomba wananchi wawaombee viongozi, huku wakiwataja kwa majina, na wengi waliotajwa wakawa wanatoka upande mmoja wa nchi. Waliambiwa wanachochea ukabila. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kile cha "mawasiliano ya kuudhi", ambacho kilikuwa kimetumiwa dhidi ya waandishi na wakosoaji.

Mtu akikwambia kwamba kumkamata mchekeshaji ni kulinda heshima ya jamii, mwulize jamii iliombwa maoni lini. Na kuna madhara mengine ambayo hatuyasemi vya kutosha. Mchekeshaji akiogopa kuwagusa wakubwa, haachi kuchekesha, maana ndio ugali wake. Anageuza mzaha kuelekea chini: kwa msichana wa kazi, kwa kiziwi, kwa mtoto wa Karamoja anayeomba barabarani. Hao hawana mtu wa kumtuma polisi. Hofu ya juu hulipwa na walio chini.

Wala mpaka hauendi upande mmoja tu siku zote. Mwaka 2012 mtayarishaji wa mchezo uliomhusu mwanamume anayependa wanaume wenzake alikamatwa Kampala, na mwaka uliofuata akafukuzwa nchini. Tangu hapo mada hiyo imezidi kufungwa, na sheria ya mwaka 2023 dhidi ya ushoga ikaifunga kwa kufuli zaidi. Katika jambo hilo wanaochekwa bado hawana pa kusimama wajibu, hivyo kinachosikika ni sauti ya upande mmoja.

Simu imeharakisha yote haya. Zamani mzaha wa Kampala uliishia mlangoni pa ukumbi. Leo kipande cha dakika moja kinakatwa, kinatupwa WhatsApp, na kabla ya kulala kimefika Moroto, kule Karamoja. Kijana wa Kikaramoja aliyeko chuo kikuu anakitazama, anawasha kamera yake na kujibu, kwa hasira au kwa mzaha mkali kuliko ule uliomchokoza. Wachekeshaji wengine wanaona hili kama mateso. Nawaelewa, maana maneno waliyoyapima kwa watu fulani yanafika kwa watu wengine bila sauti wala uso uliokuwapo. Walakini ndiyo mara ya kwanza kwa huyo kijana kupata zamu.

Mwaka jana nilikwenda kwenye sherehe ya kufunga muhula ya shule ya mpwa wangu, kando ya Mukono. Darasa la sita waliigiza soko. Mpwa wangu alikuwa mama muuza samaki, kitenge kimemshinda urefu, akawakaribisha wateja wa kutoka Kisumu kwa Kiswahili: "Karibuni wageni wangu, samaki wa leo huyu, mguseni." Hakuna aliyecheka lugha. Walicheka bei yake. Kisha akaingia askari, mvulana mwenye kofia ya karatasi, kuja kuomba chochote. Huyo alisema Kiingereza cha puani, kifua mbele. Ukumbi mzima ulimcheka, na mlangoni askari wa kweli aliyeletwa kulinda sherehe alicheka hadi akavua kofia yake kujifuta macho.