Je, wajua Marekani na Korea Kaskazini huongea vipi ilhali hazina ubalozi?

Vita vya Korea vilisimama tarehe 27 Julai 1953 kwa mkataba wa kusitisha mapigano, na mkataba wa amani haujatiwa saini mpaka leo. Marekani haina ubalozi Pyongyang, wala Korea Kaskazini haina ubalozi Washington. Kati ya mwaka 2006 na 2017 Kaskazini ilifanya majaribio sita ya silaha za nyuklia. Sasa mvuvi akisombwa na mkondo usiku akavuka mpaka, au helikopta ya wagonjwa ikilazimika kuruka karibu na mstari wa mpaka, nani humwambia nani?

Mambo ya kisiasa hupitia New York. Kaskazini ilijiunga na Umoja wa Mataifa Septemba 1991, siku moja na Kusini, na ina ofisi ya uwakilishi huko. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikiwa na neno, humfikishia mwanadiplomasia wa ofisi hiyo, naye hulituma Pyongyang na kungoja. Mwenyewe hana mamlaka ya kujibu hata jambo dogo. Raia wa Marekani akikamatwa ndani ya Kaskazini, anayeomba kumwona ni Sweden, yenye ubalozi Pyongyang tangu 1975 na ambayo husimamia maslahi ya Wamarekani huko. Hata mlango huo ulifungwa mwaka 2020 kwa ajili ya Uviko-19, na wanadiplomasia wa Sweden hawakurudi mpaka Septemba 2024.

Njia zote mbili ni za polepole. Inayozuia risasi iko Panmunjom, kwenye eneo la pamoja katikati ya ukanda wa mpaka wenye upana wa kilomita 4. Hapo Kamandi ya Umoja wa Mataifa, inayoongozwa na jenerali wa Marekani, ina simu ya mezani ya kizamani ambayo wenyewe huiita simu ya pinki kwa rangi yake. Ya pili iko kwa maofisa wa Jeshi la Watu wa Korea, yaani jeshi la Kaskazini, umbali mfupi tu ng'ambo ya mstari. Simu hulia mara mbili kwa siku, saa 3:30 asubuhi na saa 9:30 alasiri. Mara nyingi hakuna la maana: mmoja anauliza kama sauti inasikika, mwingine anajibu inasikika, basi. Maofisa waliowahi kukaa kwenye simu hiyo wamesimulia kwamba walifika hadi kuzungumzia besiboli.

Huo upuuzi ndio kazi yenyewe. Laini inayojaribiwa kila siku huwa na mtu wa kuipokea siku mambo yakiharibika, na habari zinazopita humo ni ndogondogo: kesho tutalipua mabomu ya ardhini mahali fulani, wiki hii kuna mazoezi, kuna maiti imeelea mtoni, njooni mchukue. Asiyeambiwa mapema husikia mlipuko tu, na ofisa kijana kwenye kibanda cha ulinzi ana dakika chache za kuamua maana yake.

Agosti 1976 ugomvi ulitokea kwa sababu ya mti. Wanajeshi wa Kamandi walikwenda kupogoa mpopla uliowazibia macho kati ya vituo vyao, wanajeshi wa Kaskazini wakawazuia, na maofisa wawili wa Marekani wakauawa kwa mashoka yaleyale ya kukatia matawi. Siku tatu baadaye Marekani iliukata mti huo huku ndege za mabomu za B-52 zikizunguka angani. Vita havikuzuka, Kim Il Sung, kiongozi wa Kaskazini wakati huo, alituma ujumbe wa kusikitika kupitia tume ya kijeshi ya Panmunjom. Baada ya hapo walinzi, waliokuwa wakichanganyika humo ndani, walitenganishwa kila mmoja upande wake.

Korea mbili nazo zina laini zao tangu 1971, zikipigwa saa 3 asubuhi na saa 11 jioni. Tatizo ni kwamba kuikata simu nako ni ujumbe, na Kaskazini huutumia mno. Ilikata Februari 2016, ikarudisha Januari 2018, ikakata Juni 2020, ikarudisha Julai 2021, ikakata tena baada ya wiki mbili, ikarudisha Oktoba, kisha ikanyamaza Aprili 2023. Gharama yake ilionekana Septemba 2020: ofisa wa uvuvi wa Kusini alikutwa akielea upande wa Kaskazini, jeshi la Kusini likafuatilia kwa saa kadhaa bila laini ya kuwaambia wenzao wamrudishe, na akapigwa risasi. Barua ya Kaskazini yenye radhi za kiongozi wake Kim Jong Un ilifika siku chache baadaye.

Simu ya pinki yenyewe ilinyamaza kuanzia 2013 hadi Julai 2018. Kipindi hicho, Kamandi ikiwa na taarifa, mwanajeshi alisimama kwenye mstari na kuisoma kwa kipaza sauti cha mkononi, huku wa upande wa pili wakisikiliza bila kuitikia.

Tusiipe simu sifa isiyostahili. Novemba 2010 Kaskazini ilituma ujumbe asubuhi ikitaka Kusini isitishe mazoezi ya mizinga, Kusini ikaendelea, na mchana Kaskazini ikakipiga kisiwa cha Yeonpyeong na kuua watu wanne. Ujumbe ulifika vizuri kabisa. Aliyekwisha kuamua kupiga hazuiwi na simu. Anayezuiwa ni aliyekosea kusoma dalili.

Hilo Kaskazini inalijua. Tarehe 9 Oktoba 2024, ilipotaka kukata barabara na reli zinazoelekea Kusini, jeshi lake lilisema limewaarifu Wamarekani kwa simu saa 3:45 asubuhi ili kuepusha kuelewana vibaya. Na Julai 2025, Kusini ilipotaka kuwarudisha wavuvi sita wa Kaskazini waliookolewa baharini, ilipeleka taarifa mara mbili kupitia Kamandi. Pyongyang haikujibu hata neno. Boti ya wavuvi ilipofika kwenye mstari wa bahari tarehe 9, vyombo vya Kaskazini vilikuwa tayari mahali palepale palipotajwa, vikiwasubiri.