Je, wajua kwa nini reli za Chicago huwashwa moto baridi inapozidi?

Mwishoni mwa Januari 2019, picha za reli zikiwaka moto mjini Chicago zilizunguka dunia nzima. Ni usiku, theluji imetanda, ndimi za moto zinalamba chuma kushoto na kulia, na treni ya abiria inapita papo hapo bila wasiwasi. Mtu aliyeziona kwenye simu akiwa steji ya Nakuru, akingoja matatu ya Njoro ijae, alikuwa na haki ya kuuliza: hawa wanachoma reli yao kwa nini?

Wanaichoma ili watu wafike kazini. Asubuhi ya tarehe 30 mwezi huo kipimajoto cha Chicago kilishuka hadi karibu nyuzi 31 chini ya sifuri, na upepo ukaongeza makali hadi ngozi ikahisi baridi iliyozidi nyuzi 45 chini ya sifuri. Amtrak, shirika la treni za masafa marefu, lilifuta safari zake zote za kuingia na kutoka Chicago siku hiyo. Posta ya Marekani ilisimamisha kupeleka barua katika majimbo kadhaa, na shule zikafungwa. Sisi huku tukisikia hivyo tunalaumu theluji. Lakini theluji ina dawa yake: malori yenye koleo kubwa mbele hupita alfajiri, yanaisukuma kando, na mji unaendelea na shughuli zake. Baridi yenyewe, ile kavu isiyoonekana, huingia ndani ya chuma, ndani ya mafuta, ndani ya betri, na huko koleo halifiki.

Tuanze na hiyo reli. Chuma kikipoa hujikunja. Reli ya urefu wa kilomita moja, joto likishuka kwa nyuzi 50, ingepungua sentimita 60 kama ingeachwa huru. Haiko huru. Imepigiliwa kwenye mataruma, na reli za kisasa zimechomelewa vipande kwa vipande hadi zikawa utepe mmoja mrefu usio na nafasi ya kupumulia. Kwa hiyo chuma kinataka kufupika, hakiwezi, kinajivuta, na usiku mmoja wa baridi kali kinaachia pale kilipo dhaifu: bolti inakatika au kiungo kinafunguka, na ncha mbili za reli zinatazamana zikiwa zimeachana. Hapo mafundi huja na kamba nene iliyolowekwa mafuta ya taa. Wanailaza kando ya reli na kuiwasha. Chuma kinapata joto, kinarefuka, ncha zinakutana, bolti mpya inafungwa, treni inapita.

Moto mwingine, ule ulioonekana zaidi kwenye zile picha, una kazi tofauti. Metra, shirika la treni za abiria wa kila siku wa Chicago, lina vichomeo vya gesi mahali reli zinapogawanyika. Pale ulimi wa reli lazima usogee huku na huku ili treni ibadilishe njia, na barafu ikishindilia katikati, ulimi unakwama na foleni ya treni inaanza. Moto uko hapo kuyeyusha barafu. Dizeli ya treni haiwaki kirahisi kama petroli, ndiyo maana dereva anapita juu ya ndimi hizo kama vile hakuna kitu.

Ni baridi ya kiasi gani hasa? Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kuelekea Eldoret, reli ya zamani inafika kilele chake Timboroa, mita 2,784, na kila abiria anajua madirisha ya gari yanafungwa yenyewe kabla ya kufika hapo. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo Timboroa ina baridi ya nyuzi sita hivi zaidi ya Nakuru. Sasa, kwa hesabu hiyohiyo, kama unataka baridi ya Chicago ya siku ile bila kutoka juu ya Nakuru, siku ambayo mjini kuna nyuzi 20, itabidi upande hadi karibu mita 9,700. Mlima Everest unaishia mita 8,849. Huko juu kuna ndege za abiria tu.

Chukua basi gari la Nakuru, lile linalopiga kazi kila siku bila shida, ulipeleke katika baridi hiyo. Halitawaka, na sababu haitakuwa moja.

Betri ndiyo ya kwanza kukata tamaa. Ndani yake umeme hutokana na kemikali kushughulika, na kemikali zikipoa huzubaa. Betri ya kawaida ya asidi ikifika nyuzi 18 chini ya sifuri hubaki na takriban nusu ya nguvu yake. Na ubaya ni kwamba wakati huohuo injini inadai nguvu zaidi kuzungushwa, maana oili imekuwa nzito. Wengi huku hutumia oili ya 15W-40. Namba iliyo mbele ya herufi W huonyesha oili imepimwa kwa baridi kiasi gani: ya 15W hupimwa kama injini itazunguka kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, ya 0W kwa nyuzi 35 chini ya sifuri. Dereva wa matatu akipiga selfu na 15W kwenye nyuzi 31 chini ya sifuri atasikia "ng'wee" moja ndefu, kisha kimya.

Tuseme umebusti betri na injini imekubali kuzunguka. Dizeli nayo ina maneno. Ndani ya dizeli mna nta, na kwenye joto letu nta hiyo imeyeyuka, huioni. Dizeli isiyotayarishwa kwa baridi huanza kuwa na ukungu karibu na nyuzi sifuri au chini yake kidogo, kutegemea ilivyosafishwa. Baridi ikizidi, chembe za nta hushikana, zikafanya yale yanayofanywa na mafuta ya kupikia kwenye kopo asubuhi ya Julai huko Molo. Tangi limejaa, lakini chujio la dizeli limeziba na injini inakufa njaa. Ndiyo maana nchi za baridi huuza dizeli ya majira ya baridi, iliyochanganywa na mafuta mepesi zaidi au dawa ya kuzuia nta kushikana. Lori lililojaza tangi kwenye jimbo la joto kisha likaendesha usiku kucha kwenda kaskazini linaweza kuzimika katikati ya barabara kuu, na lori moja lililozimika saa moja asubuhi linatosha kuharibu siku ya maelfu ya watu.

Rejeta sitaiongelea sana. Makanga wanaopanda mlima wakiwa na mtungi wa maji ya bomba chini ya kiti wanajua yale wanayoyafanya, na hapa yanafanya kazi. Kule maji hayo yangeganda, yangetanuka kwa takriban asilimia 9, na yangepasua injini. Madereva wa kule huchanganya maji na kulanti nusu kwa nusu, mchanganyiko usioganda hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri.

Kitu ambacho watu husahau ni breki. Ukipita Salgaa jioni utamwona utingo akiinama chini ya trela na kuvuta kipete kidogo kilicho tumboni mwa tangi la upepo. Hewa inatoka kwa kishindo, ikifuatwa na maji ya kahawia yaliyochanganyika na oili. Maji hayo yametoka kwenye hewa ya kawaida: ukiishindilia hewa ndani ya tangi, unyevu wake unajitenga. Huku maji hayo huleta kutu na kupunguza nafasi ya upepo. Kwenye baridi kali huganda ndani ya mipira na vali, na hapo upepo haupiti. Mabasi na malori yametengenezwa hivi: upepo ukikosekana, springi hufunga breki zenyewe. Ni kinga nzuri kwenye mteremko wa Sachangwan. Katika gereji ya mabasi yenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, maana yake ni kwamba basi linaunguruma vizuri kabisa, taa zinawaka, dereva amekaa, na magurudumu hayasogei. Kwa hiyo kampuni za mabasi hufunga vikausha hewa, humwaga maji ya matangi kila siku, na zenye uwezo hulaza mabasi ndani ya jengo lenye joto.

Tairi nazo hupungua upepo bila kutobolewa. Uliyoijaza kipimo cha 32 kwenye joto la nyuzi 20 itasoma karibu 24 kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri.

Magari ya umeme, ambayo ndugu zake wa magurudumu mawili wameanza kuonekana kwenye miji yetu, yana hadithi yake. Januari 2024 Chicago ilipata wimbi lingine la baridi, na vituo vya kuchajia vikajaa Tesla zilizoishiwa chaji na zilizopanga foleni. Betri ya lithiamu iliyo chini ya nyuzi sifuri haipaswi kuchajiwa kwa kasi, maana inaharibika ndani, kwa hiyo gari hutumia kwanza umeme kuipasha joto. Anayejua huiagiza gari ianze kupasha betri akiwa bado njiani. Asiyejua hufika na betri baridi, anakaa kwenye mashine muda mrefu bila kupata kitu, na aliye nyuma yake anangoja huku hita ikimaliza chaji aliyobakisha. Foleni ilijitengeneza yenyewe.

Binafsi moto wa reli haunishangazi kama kitu kidogo kilichoko Winnipeg, Kanada: soketi za umeme kwenye maegesho. Mtu akifika kazini anachomoa waya mbele ya bodi ya gari na kulichomeka ukutani, kama simu, ili hita ndogo iweke injini vuguvugu hadi jioni. Yakutsk, huko Siberia, ambako wastani wa Januari ni karibu nyuzi 40 chini ya sifuri, wengine huacha injini ikinguruma wakati wote wako dukani, na boneti hufunikwa blanketi nene. Injini zote hizo zinazonguruma zina gharama ambayo mtu wa Mau Summit ataielewa haraka: ukungu. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji kama mvuke. Kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi, mvuke huo hauendi popote. Huganda hapohapo kuwa chembe ndogo sana za barafu zinazoelea. Fairbanks, Alaska, inajulikana kwa ukungu huo. Kadiri magari yanavyokuwa mengi barabarani ndivyo dereva anavyozidi kutoona mbele.

Na abiria je? Anayengoja basi ndiye anayeumia. Kwa fomula inayotumika Marekani na Kanada tangu 2001, bodaboda anayepita Burnt Forest alfajiri kwa kilomita 60 kwa saa, hewa ikiwa nyuzi 10, ngozi yake huhisi nyuzi 5. Jaketi nzito na vifuniko vya mikono kwenye usukani si mapambo. Chicago siku ile ya 2019, ngozi iliyo wazi ingeweza kuganda kwa chini ya dakika 10, muda ambao hapa hautoshi hata matatu kupata abiria wa mwisho. Kwa hiyo majukwaa ya treni za mjini yana taa za joto unazosimama chini yake, na mji uliegesha mabasi yenye hita mahali mahali ili watu waingie wapate joto. Minneapolis, wanakoishi Wakenya wengi, hasa wa kutoka Kisii, imeunganisha majengo ya katikati ya mji kwa vivuko vya juu vilivyofungwa vioo, jumla ya kilomita 15 hivi. Unaweza kutoka maegesho hadi ofisini bila kuvaa koti.

Imebaki barabara, na hapa mambo yanageuka kinyume na unavyodhani. Chumvi inayomwagwa barabarani huyeyusha barafu vizuri hadi karibu nyuzi 9 au 10 chini ya sifuri. Baada ya hapo inazidi kuchoka, na chini ya nyuzi 21 chini ya sifuri chumvi ya kawaida haifui dafu kabisa. Baadhi ya miji ya Marekani huichanganya na kloridi ya kalsiamu au maji yanayobaki kiwandani baada ya kutoa sukari kwenye viazisukari. Mingine humwaga mchanga tu.

Lakini barafu ya baridi kali sana haitelezi kama unavyodhani. Barafu huteleza zaidi karibu na nyuzi 7 chini ya sifuri. Ikipoa hadi nyuzi 30 chini ya sifuri inakuwa ngumu na kavu, na tairi inaikamata vizuri zaidi. Tena siku kama hiyo wengi wamebaki nyumbani, kwa hiyo barabara za mjini zinaweza kuwa wazi. Sisi wa karibu tulionja kidogo Septemba 2008, mvua ya mawe ilipofunika Busara, karibu na Nyahururu, na watu wakatoka kuishika kwa mikono. Barafu ya namna hiyo, inayoyeyuka juu huku chini bado ni ngumu, ndiyo mbaya kwa gurudumu. Kwa sababu hiyo watabiri wa hewa wa kule hutoa onyo la barabara hata kipimajoto kikisoma nyuzi moja tu chini ya sifuri, mradi mvua nyepesi inanyesha.