Jumatatu anashtaki, Jumanne anatetea: barista kijana (wakili wa mahakamani) wa Uingereza anafanyaje kazi

Haipiti wiki bila mtu kupiga simu kwenye kitengo chetu cha elimu ya sheria na swali hilihili: "Dada, huyu wakili niliyepewa, jamaa yangu alimwona juzi juzi tu akiwa upande wa serikali, sasa leo ananitetea kweli au ananizunguka?" Wasiwasi naujua unatoka wapi. Sisi tuliokulia Tanzania tumezoea wakili wa serikali ni wa serikali, yuko Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, na wakili wa kujitegemea yuko na mshtakiwa, hawabadilishani viti. England na Wales utaratibu ni mwingine kabisa na ukiujua mapema utapata hata usingizi usiku wa kuamkia kesi.

Kule mawakili wamegawanyika makundi mawili. Solisita ndo unaanza naye, ndo anakuja kituo cha polisi (na pale kituoni ushauri wa wakili ni bure, uwe na hela usiwe nazo, usikubali kuhojiwa bila kuuomba), halafu barista ndo wa kusimama mahakamani hasa kesi ikiwa nzito. Mabarista wengi wa jinai wamejiajiri, wanakusanyika kwenye ofisi za pamoja zinaitwa chambers, wanachangia gharama, na kuna makarani ambao kazi yao ni kupokea kesi na kuzigawa. Kesi inaweza kutoka CPS, ambayo ni ofisi ya mashtaka ya serikali iliyoanza kazi 1986, au inaweza kutoka kwa solisita wa mshtakiwa. Na kuna kanuni wameitoa kwa madereva teksi: uko mbele ya foleni, abiria akija unampeleka. Kesi ikiwa ya fani yake na ana nafasi na malipo ni ya haki, barista hawezi kuikataa eti kwa vile mshtakiwa ni mtu asiyependwa mtaani.

Halafu utasikia barista anaitwa junior, neno hilo lisikudanganye. Junior ni barista yeyote ambaye hajapewa cheo cha wakili wa Mfalme, KC, hata awe na mvi na miaka 30 kazini. Denis Pritt, yule aliyetoka London kwenda Kapenguria 1952 kumtetea Jomo Kenyatta na wenzake, cheo hicho alishakuwa nacho siku nyingi. Ninayemzungumzia leo ni yule junior mbichi, amejiunga na moja ya zile Inns 4 za London (vyama vya kale vya mabarista), akafanya miezi 12 ya mazoezi, miezi 6 ya kwanza anafuatana tu na barista mzoefu kama utingo na dereva wake, miezi 6 ya pili anaruhusiwa kusimama mwenyewe. Huyo ndo utakayekutana naye kwenye Mahakama ya Mahakimu, ambako kesi zote za jinai zinaanzia na nyingi mno zinaishia hapohapo.

Sasa siku yake ikoje. Mara nyingi faili linamfikia jioni, saa kumi na moja au kumi na mbili, kwa ajili ya kesho asubuhi. Zamani lilikuja limefungwa utepe, wa pinki kama ni utetezi, mweupe kama ni mashtaka, siku hizi karibu kila kitu kiko kwenye laptop. Anasoma maelezo ya mashahidi, anaangalia video ya CCTV mara tano sita, anaandika maswali, alfajiri yuko kwenye treni kwenda mji ambao pengine hajawahi kufika.

Tuseme anamtetea kijana wa deliveri anayedaiwa kumpiga mtu nje ya duka. Wanaonana mara ya kwanza selo, chini ya jengo la mahakama, dakika 15 au 20 tu, pengine wanaongea kupitia kidirisha cha mlango wa chuma huku kwenye selo ya pili mtu anapiga kelele. Hapo barista anataka vitu vitatu vinne haraka: wewe unasemaje ilitokea nini, nani alikuwepo, una rekodi ya makosa huko nyuma, na kama dhamana itaombwa utalala wapi. Watu wengi wetu hapo ndo wanaharibu, wanaanza kumficha kama vile ni askari. Jamani, usimfiche. Unachomwambia ni siri yenu. Ila ujue mpaka wake: ukimwambia nilimpiga bila sababu yoyote, hawezi kusimama akasema hukumpiga, maana haruhusiwi kuidanganya mahakama, lakini bado anaweza kuupima ushahidi wa serikali na kuuliza kama unatosha. Mzigo wa kuthibitisha ni wao, si wako, na hilo majaji wa House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya wakati huo, walilisimika 1935 kwenye kesi ya Woolmington.

Na akikwambia ukikiri leo utapunguziwa theluthi ya adhabu, ukisubiri punguzo litashuka mpaka robo na siku yenyewe ya kusikilizwa ni moja ya kumi tu, hajakuuza. Ni wajibu wake kukwambia. Kukiri au kukana unaamua wewe.

Kesho yake barista yuleyule kaletewa orodha ya CPS, kesi kadhaa kwenye chumba kimoja cha mahakama, wizi wa dukani, kuendesha gari umelewa, ugomvi wa majumbani, na mashahidi wako kwenye korido wana hofu, kuna mama anatetemeka mikono. Anaruhusiwa kumsalimia na kumweleza atakaa wapi na nani ataanza kumuuliza, haruhusiwi kumfundisha cha kusema. Akikuta kwenye faili kitu kinachoweza kumsaidia mshtakiwa na hakijapelekwa upande wa pili, lazima kifike, sheria ya 1996 inadai hivo. Hana ruhusa ya kuifuta kesi kwa uamuzi wake, kwa hiyo utamwona anatoka nje na simu sikioni anampigia wakili wa CPS, shahidi muhimu hajaja, tunaendelea au tunaacha? Kazi yake si kushinda kwa gharama yoyote, na ninavyoona mimi aliyewahi kukaa pale selo na mshtakiwa anashtaki kwa haki zaidi, anajua upande ule maswali gani yatakuja na anajua mtu akifungwa nini kinabaki nyuma.

Malipo ya hawa vijana yalikuwa duni kiasi kwamba 2022 mabarista wa jinai waligoma, kuanzia tarehe 5 Septemba bila kikomo, mpaka Oktoba walipopiga kura kukubali nyongeza ya asilimia 15 kwenye ada za utetezi. Waliokuwa wanaacha jinai na kuhamia sheria za biashara walikuwa wengi, na mnyonge ndo aliyebaki anasubiri kesi yake miaka.

La mwisho, na hili ndo linatuumiza sana sisi Waswahili. Una haki ya mkalimani bila kulipa, polisi na mahakamani. Lakini Kiswahili cha Bukavu na cha Pemba si kimoja, nimeshaona shahidi anajibu swali ambalo hakuulizwa kwa sababu neno lilipotea katikati. Ukiona humwelewi mkalimani mwambie barista wako palepale, kabla ya kuitwa ndani, na kama mmeshaingia inua mkono, yeye ndo atasimama kumwomba hakimu asimamishe kesi.