Mteja wa siri: kazi ipo, lakini siyo hiyo uliyotumiwa WhatsApp

Kampuni yenye matawi mengi haiwezi kujua mteja anavyopokewa kaunta kwa kumuuliza meneja wa tawi. Inakodi kampuni ya utafiti, nayo inamtuma mtu wa kawaida aingie kama mteja yeyote, anunue au aulize, kisha aandike alichokiona. Huyo ndiye mteja wa siri. Kuna mengi yasemwayo juu ya kazi hii, na mengine yamewagharimu watu akiba zao.

"Hakuna kazi kama hiyo, ni utapeli mtupu."

Ipo, tena siyo kwa wafanyabiashara peke yao. Watafiti wa malaria katika wilaya za Kilombero na Ulanga, Tanzania, waliwatuma wenyeji kwenye maduka ya dawa wakijieleza kama watu wenye mgonjwa wa homa, ili ijulikane muuzaji atatoa dawa gani na maelekezo gani. Ukimhoji muuzaji huyohuyo ukiwa na daftari mkononi, atakutajia kile anachojua kinatakiwa.

"Unalipia usajili kwanza, ndipo unapewa kazi."

Kampuni halali haikutozi hata senti. Anayedai ada ya fomu, ya mafunzo au ya kitambulisho, achana naye.

"Fedha zikishaonekana kwenye akaunti, zimekuwa zangu."

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, hasa ndugu zetu walioko Marekani. Tapeli anayejifanya kampuni ya utafiti anakutumia hundi kwa posta. Unaambiwa uiweke benki, ubaki na ujira wako, na kilichobaki ununue kadi za zawadi (gift cards, kadi zilizolipiwa za kununulia bidhaa) na kutuma namba zake, au ukitume kwa mtu fulani ili "kupima huduma" ya kutuma fedha. Sheria ya huko inailazimisha benki kukuruhusu utumie fedha za hundi ndani ya siku chache, lakini hundi feki inaweza kugundulika wiki kadhaa baadaye. Ikigundulika, benki inazidai kwako wewe, na uliyemtumia hapatikani tena. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, imekuwa ikionya kuhusu mtego huu kwa miaka.

Huku kwetu mtego hauji kwa hundi. Unalipwa kiasi kidogo kwa kubofya "like" kwenye video, unaingizwa kwenye kundi la Telegram, kisha unaambiwa uweke fedha zako ili ufungue kazi kubwa zaidi. Mteja wa siri wa kweli hapokei fedha za watu na kuzipeleka kwingine. Ukiona hilo tu, inatosha kukataa.

"Unanunua bure na kuishi kwa hiyo kazi."

Marekani, ziara ya kawaida ya dukani au mgahawani mara nyingi hulipa kati ya dola 5 na 25, pamoja na kurudishiwa gharama ya ununuzi hadi kiwango mlichokubaliana. Malipo huja baada ya wiki kadhaa, na nauli mara nyingi ni juu yako. Piga hesabu ya nauli na muda kabla ya kukubali. Ni pesa ya kuongezea, na mimi nisingemshauri mtu aache kazi kwa ajili yake.

"Kazi yenyewe ni kuwanasa wahudumu wabaya."

Kazi yenyewe ni kuandika. Unasoma maelekezo mapema, unakariri maswali ya dodoso, unaangalia saa unapoingia foleni na unapohudumiwa, unatunza risiti, na mara nyingi unatuma ripoti siku hiyohiyo au kesho yake. "Mhudumu alikuwa na dharau" haisaidii mtu. "Alinikabidhi risiti bila kuinua macho kwenye simu yake" inasaidia. Aliyefanya vizuri naye aandikwe hivyohivyo, kwa maana kipato cha mtu kinaweza kuguswa na sentensi yako. Kutia chumvi hapa ni dhuluma.

Anayetaka kuanza aingie mwenyewe kwenye tovuti za kampuni za utafiti, asisubiri kutafutwa. Chama cha kimataifa cha kampuni hizi, MSPA, kilichoanzishwa 1998, kina orodha ya wanachama wake. Chenyewe hakiajiri wateja wa siri wala hakitumi hundi. Jisajili kwenye kampuni kadhaa, kwa sababu moja haitakupa kazi za kutosha, na nyingi hazikurudishi tawi lilelile mapema. Kazi za mwanzo huwa ndogo. Ripoti safi zinazofika kwa wakati ndizo zinazokufungulia nyingine.